Utaridi iko pale pale tunapotafutia mwezi

Jioni ya tarehe 18 Februari mwaka huu wa 2026, watu walijipanga ufukweni Unguja kama ilivyo desturi, macho magharibi, wakiitafuta hilali ya Ramadhani. Wenye macho makali wakainyooshea kidole, simu zikaanza kulia, watoto wakatimua mbio kupeleka habari majumbani. Juu kidogo ya ule uzi mwembamba wa mwezi palikuwa na nukta ya mwanga, imetulia, haimetimeti. Sikumsikia mtu hata mmoja akiitaja.

Ile ndiyo Utaridi, ambayo vitabu vya shule siku hizi vinaiita Zebaki. Ni ndogo kuliko sayari zote nane, upana wake kilomita 4,880 tu, na ndiyo jirani wa karibu kabisa wa Jua. Wazee wa falaki wanaihesabu Jumatano kuwa siku yake, na ile jioni ilikuwa Jumatano. Sisemi kwamba hilo lina maana yoyote. Nimelipenda tu.

Ninachotaka kusema ni hiki: sisi watu wa pwani tayari tunayo desturi ya kutazama upeo wa magharibi mara Jua linapotua, mwezi baada ya mwezi, tena kwa mashahidi na kwa maswali. Desturi hiyo ndiyo hasa anayoihitaji mtu anayetaka kuiona Utaridi. Hatuhitaji kusubiri chuo kikuu wala mfadhili. Tunahitaji mtu mmoja katika kila kundi la waandama mwezi aseme, "Na ile pale ni Utaridi," na mwalimu mmoja katika kila shule amwambie mtoto akaandike alichokiona.

Mimi si mwanasayansi. Ni fundi saa, nimekalia kiti kile kile cha kibanda changu Mjini tangu enzi ambazo saa ya mkono ilikuwa mali ya kurithiwa. Siku hizi kazi kubwa ni kubadilisha betri na mikanda. Lakini jicho langu limezoea vitu vidogo, na darubini yangu ya milimita 70 niliipata kwa baharia aliyekuwa akiuza vitu vyake kabla ya kuondoka. Nayo si lazima. Utaridi huonekana kwa macho matupu, na kwetu huonekana vizuri kuliko kwa wengi waliotutangulia katika elimu hii.

Sababu ni rahisi. Utaridi haiachani na Jua. Hata inapofika mbali kabisa nalo, nafasi kati yao angani ni digrii 18 hadi 28 tu. Nyoosha mkono, kunja ngumi: upana wa ngumi hiyo ni kama digrii kumi. Kwa hiyo tunazungumzia ngumi mbili, tatu kasoro. Kwa watu wa Ulaya ya kaskazini, njia ya sayari angani hulala ubavu sehemu kubwa ya mwaka, na hizo ngumi mbili zote huishia kwenye ukungu wa upeo. Magharibi yao nayo ni marefu, mwanga haukatiki upesi. Sisi tuko digrii sita kusini ya ikweta. Njia ile kwetu husimama karibu wima, sayari huteremka kulifuata Jua moja kwa moja, na baada ya dakika ishirini na kitu mbingu imeshaiva giza la kutosha. Copernicus, aliyeliweka Jua katikati ya mpango wa sayari, aliishi Frombork huko Poland, digrii 54 kaskazini, na aliandika akilalamikia mivuke ya mto Vistula iliyomzuia kuiona Utaridi. Ikambidi atumie vipimo vya watu wa Nuremberg. Hadithi kwamba alikufa bila kuiona kabisa huenda ni ya kutungwa, lakini haikutungwa bure.

Najua jibu la haraka. Itazamwe ya nini, wakati vyombo vimeshafika? Ni kweli. Mariner 10 ilipita karibu nayo mwaka 1974 na 1975 na kupiga picha chini kidogo ya nusu ya uso wake. Messenger iliingia kwenye mzingo wake Machi 2011, ikaipima yote, ikaishia kuiangukia Aprili 2015. Novemba mwaka huu chombo cha Ulaya na Japani, BepiColombo, kilichorushwa Oktoba 2018, kinatarajiwa kuanza kuizunguka. Picha zimejaa kwenye simu. Lakini anayeuliza hivyo hajiulizi kwa nini bado tunaandama mwezi kwa macho wakati hesabu za mwezi zinapatikana kwenye simu hiyo hiyo. Kuna jambo ambalo mtu hulijua kwa kulishuhudia, na historia ya sayari hii ni historia ya mashahidi: wakweli, wasio wakweli, na wengi zaidi ambao walikuwa wakweli na bado walikosea.

Hao mashahidi wengi walikuwa watu wa kazi nyingine. Johann Schröter, aliyeichora Utaridi karibu na mwaka 1800, alikuwa hakimu wa mji mdogo wa Lilienthal huko Ujerumani. William Denning wa Bristol alikuwa mhasibu. Lakini anayenikaa moyoni ni daktari wa kijijini Ufaransa, Edmond Lescarbault wa Orgères-en-Beauce, na yeye kosa lake lilikuwa kubwa kuliko la wote.

Lescarbault aliwahi kuiona Utaridi ikipita mbele ya Jua mwaka 1845, nukta nyeusi inayotembea, na tangu siku hiyo akawa anajiuliza kama hakuna sayari nyingine ndogo zaidi, ndani zaidi, isiyojulikana. Tarehe 26 Machi 1859, katikati ya kuhudumia wagonjwa, alielekeza darubini yake ndogo kwenye Jua na kuona doa jeusi la mviringo likisogea. Alilifuata kwa saa moja na dakika kumi na saba. Kisha akanyamaza miezi tisa.

Alivunja ukimya aliposoma kwamba Urbain Le Verrier, mkuu wa kituo cha anga cha Paris, mtu aliyeigundua Neptune kwa hesabu mwaka 1846, alikuwa amekwama na Utaridi. Mzingo wa sayari hii hugeuka polepole, na ulikuwa ukigeuka kupita hesabu. Kasoro ilikuwa ndogo mno, kwa vipimo vya leo sekunde 43 za tao katika miaka mia, na digrii moja ina sekunde 3,600. Le Verrier alidhani kuna kitu kinachoivuta, pengine sayari iliyojificha karibu zaidi na Jua. Barua ya daktari ilimfikia Desemba. Hakujibu. Alipanda treni, akatembea kwa miguu kutoka stesheni, akabisha hodi bila kujitambulisha, na akaanza kumhoji mwenyeji wake kwa ukali kama mtuhumiwa.

Sehemu hii nikiisoma huiweka saa ya mteja mezani. Kwa sababu Le Verrier aliuliza: ulipima muda kwa nini? Na daktari akamtolea saa kuukuu ambayo haikuwa na mshale wa sekunde. Hebu fikirini. Mtu anadai amepima kupita kwa sayari hadi sekunde, na saa yake haijui sekunde ni nini! Mgeni alikasirika. Daktari akamwonyesha tufe dogo la pembe ya ndovu lililofungwa kwa uzi wa hariri, akalitundika kwenye msumari, akalisukuma. Lilikuwa likienda na kurudi kwa kipimo cha sekunde. Na mimi, akasema, ni daktari. Kuhesabu mapigo ndiyo kazi yangu. Kumbukumbu za ule mchana zilikuwa kwenye kipande cha karatasi chenye madoa ya mafuta na dawa. Hesabu zake aliandika kwa penseli juu ya mbao, kwa kuwa karatasi ilikuwa haba, na mbao zikijaa anazipiga randa na kuanza upya.

Le Verrier aliondoka ameridhika. Daktari akapewa nishani ya Légion d'honneur mwezi uliofuata, sayari ikapewa jina Vulcan, na watu wakaitafuta kwa zaidi ya miaka hamsini. Haipo. Haikuwahi kuwapo. Novemba 1915 Albert Einstein alionyesha kwamba zile sekunde 43 zinatokana na namna mvutano wa Jua unavyofanya kazi karibu nalo, na hazihitaji sayari yoyote ya ziada. Tena mapema kabisa alikuwapo shahidi wa pili: Emmanuel Liais, Mfaransa aliyekuwa Brazil, alikuwa akilitazama Jua saa zile zile kwa darubini yenye nguvu zaidi, naye alisema hakuona kitu. Ushahidi wake haukupendwa.

Sasa linganisha na maswali anayoulizwa mtu anayedai kuona hilali. Umeiona saa ngapi? Pembe zake zilielekea wapi? Ilikuwa kushoto au kulia ya pale Jua lilipotua? Nani mwingine alikuwa nawe? Maswali ya Le Verrier yalikuwa makali kama hayo, sawa. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa ameshapanga jibu. Alitaka sayari, na aliyemjia na sayari akapita. Shahidi anayetuambia tunachotamani kusikia ndiye wa kubanwa zaidi, na aliyesema "sikuona" naye aandikwe jina, saa na mahali kama mwenzake. Wazoefu wa kuandama mwezi wanalijua hili bila kufundishwa.

Na wataalamu walikosea vile vile. Schröter aliamini siku ya Utaridi ni kama saa 24, karibu sawa na yetu. Denning mwaka 1882 akakadiria saa 25. Giovanni Schiaparelli wa Milano, aliyeitazama mchana kweupe kwa miaka mingi, alitangaza mwaka 1889 kwamba sayari hii hujizungusha mara moja kwa siku 88, sawasawa na muda wake wa kulizunguka Jua, hivyo upande mmoja una mchana wa milele. Eugène Antoniadi, kwa darubini kubwa ya Meudon karibu na Paris, akakubaliana naye na kuchora ramani. Dunia nzima ikakubali hadi mwaka 1965, wataalamu wa rada wa Arecibo, Puerto Rico, walipopima na kukuta siku 59 hivi.

Miaka zaidi ya sabini ya kosa moja, na watu wale hawakuwa wazembe! Hapa fundi saa anaelewa haraka kuliko profesa. Chukua magurudumu mawili ya meno: moja likizunguka mara mbili, jingine linazunguka mara tatu kamili, wala halikosei. Ndivyo Utaridi ilivyo: kila inapolizunguka Jua mara mbili, inajizungusha yenyewe mara tatu. Sasa, kwa mtu wa Ulaya, nafasi nzuri ya kuiona hurudi baada ya vipindi vitatu vya kuonekana, jumla siku 348. Katika siku 352 sayari inakuwa imejizungusha mara sita. Tofauti ni siku nne tu. Kwa hiyo kila walipoipata vizuri, walikuta karibu uso ule ule, vivuli vile vile, na wakaona ni uthibitisho. Ukiitazama saa iliyoharibika wakati mmoja tu wa siku, utaapa kwamba haina hitilafu.

Huko Utaridi kwenyewe, kutoka macheo hadi macheo ni siku zetu 176, yaani miaka yake miwili. Mchana joto hufika digrii 430, usiku baridi hushuka hadi 180 chini ya sifuri. Haya mtoto wa shule anaweza kuyakariri. Hakatazwi. Lakini nimekutana na vijana wanaozitaja sayari zote nane kwa mfuatano bila kumeza mate, na hawajawahi kuonyeshwa hata moja.

Tarehe 11 Novemba 2019 Utaridi ilipita mbele ya Jua, nasi Zanzibar tuliweza kuona sehemu ya kwanza, kuanzia saa 9 na nusu alasiri mpaka Jua kuzama. Mawingu ya vuli yalikuwa yakija na kwenda. Niliitega darubini nyuma ya kibanda, sikuweka jicho kwenye lenzi (asithubutu mtu kufanya hivyo, atapofuka), nikaacha mwanga uangukie karatasi nyeupe, Jua likawa duara la upana wa sahani ndogo. Ndani yake palikuwa na nukta moja nyeusi, ndogo kuliko kichwa cha pini. Siku ile Jua halikuwa na doa jingine. Muuza kahawa wa barazani akainama, akatazama kwa makini, akasema:

"Fundi, hilo vumbi."

"Vumbi gani, sheikh?"

"Vumbi la kioo chako. Hujakisafisha."

Nikamwambia akizungushe kile kioo cha nyuma yeye mwenyewe. Kama ni vumbi la kioo, lazima lizunguke nacho. Akakizungusha taratibu, nukta ikabaki palepale ndani ya duara. Akaigusa darubini kidogo, Jua likahama kwenye karatasi, nukta ikahama pamoja na Jua. Hakusema kitu. Nikatia alama kwa penseli, akaenda kuhudumia wateja, na aliporudi kama nusu saa baadaye nukta ilikuwa imeiacha alama kwa zaidi ya sentimita. Ndipo alipoita watu. Yeye ndiye aliyewaeleza, na kila aliyesema "vumbi" alimpa kioo akizungushe. Sijaona mwalimu bora wa fizikia kuliko yeye alasiri ile.

Hicho ndicho ninachokiomba. Kazi ya mtazamaji wa kujitolea si lazima ivumbue kitu. Mara nyingine huvumbua: miaka ya karibuni wapiga picha wa kawaida huko Ulaya, wengine wakiwa kwenye roshani za nyumba zao, wameupiga picha mkia wa Utaridi kwa lenzi ndogo na kichujio kinachopitisha mwanga wa njano wa sodiamu peke yake. Ni mkia wa atomi za sodiamu zinazosukumwa na mwanga wa Jua, una urefu wa mamilioni ya kilomita, na macho hayauoni. Mambo hayo yanataka fedha na anga safi. Kuzungusha kioo kujua kama ni vumbi hakutaki fedha.

Wapo watakaosema mambo ya nyota ni ya wapiga ramli, tusiyachanganye na ibada. Nawaheshimu, ila hapa hawakunisoma vizuri. Simwambii mtu aiulize Utaridi kuhusu biashara yake wala ndoa yake. Namwambia, akishamaliza kuutafuta mwezi, asigeuke haraka.

Nafasi iko karibu. Katikati ya Juni mwaka huu Zuhura, Mshtarii na Utaridi zitakuwa zote magharibi baada ya Jua kuzama: Zuhura juu, inang'aa kupita zote, Mshtarii chini yake, Utaridi chini zaidi na hafifu zaidi. Tarehe 15 Utaridi itakuwa mbali kabisa na Jua kwa msimu huo, karibu digrii 25. Jioni ya tarehe 16, hilali ya Muharram 1448 itakuwa jirani yake. Watu watakuwa wanatazama pale hata hivyo. Subirini Jua lizame lote, hesabuni dakika thelathini hadi arubaini, pimeni ngumi moja na nusu kutoka baharini. Forodhani panafaa, ufukwe wowote unaotazama magharibi unafaa. Kwa wenzetu wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, ambao bahari yao iko mashariki, msimu wao ni ule wa alfajiri; mapema Agosti Utaridi itatangulia kuchomoza kabla ya Jua.

Mwalimu atakayewatoa wanafunzi wake awape karatasi yenye nafasi nne: saa, mahali, ulichoona, uliyekuwa naye. Aliyekuta mawingu aandike mawingu. Asiyeona aandike hakuona, na asipunguziwe alama.

Halafu kuna Jumamosi ya tarehe 13 Novemba 2032. Siku hiyo Utaridi itapita tena mbele ya Jua, na safari hii Afrika Mashariki itaiona yote, mwanzo hadi mwisho, kuanzia kama saa 3 na dakika 40 asubuhi hadi saa 8 na dakika chache mchana. Mtoto anayeanza darasa la kwanza mwaka huu atakuwa na miaka 12 au 13. Wizara za elimu, bara na visiwani, zina miaka sita ya kutafuta darubini moja ndogo kwa kila wilaya na karatasi nyeupe, na kuwafundisha walimu namna ya kuuangusha mwanga wa Jua kwenye karatasi bila kuumiza jicho la mtu. Ni gharama ndogo kuliko ya semina moja ya hotelini. Iliyo yangu itakuwepo nyuma ya kibanda, na muuza kahawa ameshasema siku hiyo hafungui biashara mpaka nukta itoke.